Siku Jiwe la Bi Mboja Lilipotaka Kupinduliwa

Bamvua huchukua alama, shimo hubaki.

Mmeyasikia maneno hayo asubuhi hii, dada yangu alipomwambia jirani yetu, na jirani akacheka mpaka akashika ukuta, nanyi mkabaki mnatazamana. Kisha mkanijia mbio: "Bibi, shimo gani? Alama gani?" Nikawaambia niacheni kwanza nichambue mchele. Sasa mchele umekwisha, chuya ni za kuku. Kaeni vizuri, na mwenye simu aizime, maana mimi sishindani na kitu kinacholia kila mara. Methali hii ina mahali ilipozaliwa, na watu walioizaa.

Nilisimuliwa na bibi yangu mzaa mama, Mungu amrehemu. Yeye mambo haya aliyaona kwa macho yake. Kila aliposimulia alisema alikuwa upande wa haki tangu mwanzo, lakini sijapata kumsikia mtu akisema alikuwa upande wa batili, kwa hiyo hilo tumwachie mwenyewe.

Kijiji cha Mkadini zamani kiliishi kwa makumbi. Nyinyi makumbi mnayajua kuwa ni takataka. Mtu akishafua nazi, kumbi analitupa. Wanawake wa Mkadini hawakutupa hata moja. Waliyajaza kwenye matenga, wakayapeleka pwani maji yakiwa yamekupwa, wakachimba mashimo pale ambapo bahari hufunika na kufunua, wakayafukia humo na kuyawekea mawe yasielee. Yalikaa miezi chini ya mchanga, yakiloa na kuoza. Kisha waliyafukua, yananuka kiasi cha kumkimbiza mgeni, wakayaponda juu ya jiwe bapa mpaka zikabaki nyuzi tupu. Nyuzi hizo ndizo usumba, na kwa usumba walisokota kamba. Kila ndoo iliyoshuka kisimani, kila mbuzi aliyefungwa na kila kitanda kilichosukwa pale Mkadini, kamba yake ilitoka katika mashimo yale.

Sasa fikirini wenyewe. Shimo lako liko pwani, halina mlango wala kufuli, nawe uko kwako unapika. Nani analilinda? Hakuna. Kuna alama uliyoiweka juu yake, na kuna uaminifu wa wenzako, basi. Ndiyo maana kufungua shimo la mtu mwingine kulikuwa na adhabu yake. Kila mwanamke alikuwa na jiwe lake la kupondea, limekaa juu ya ufuko mahali pasipofika maji, zito, limelainika kwa mikono ya mama na bibi zake. Aliyeonekana mwizi wa shimo, wanawake walikusanyika wakalipindua jiwe lake, uso ukalala chini. Mwenye kushitaki ndiye aliyeweka mkono wa kwanza, na wengine wakafuata. Jiwe likishapinduliwa, mwenyewe hana tena nafasi pwani. Hafukii, hapondi, na hakuna anayekaa naye.

Katika wanawake hao walikuwamo mashoga wawili walioshibana, Bi Mwatima na Bi Mboja. Bi Mwatima alikuwa mwepesi wa kila kitu: mwepesi wa kucheka, wa kusaidia, wa kukasirika. Bi Mboja alikuwa mjane, hana mtoto, na maneno yake yalikuwa machache kama ya mtu anayeyanunua. Mume wake alimwachia kibanda karibu na maji na jina jema, na chakula chake chote kilitoka kwenye lile jiwe. Mawe yao mawili yalikaa yakitazamana. Bi Mwatima alikaa akiipa bahari mgongo, Bi Mboja akaielekea, na hivyo ndivyo walivyoponda miaka na miaka, huyu anasema, huyu anasikiliza.

Mwaka huo Bi Mwatima alikuwa anamwoza binti yake Hidaya. Na mila ya Mkadini ilisema kitanda cha bibi harusi kisukwe kwa kamba ya mama yake, iliyotokana na makumbi aliyoyafukia mama mwenyewe. Kamba ya kuomba haikukubaliwa, sembuse ya kununua. Basi Bi Mwatima alichimba shimo kubwa, ubavuni mwa shimo la Bi Mboja, akachagua makumbi mazuri, akayafukia kwa bismillahi.

Kuhusu alama, wenzake walipigilia kijiti tu mchangani. Bi Mwatima akawacheka. "Kijiti ni alama ya mvivu," alisema. Alichukua mti wa mkandaa, akaufunga kwa kamba nene kwenye jiwe la matumbawe lenye tundu katikati, akaukita juu ya shimo. Mti ukitaka kuondoka, jiwe litauzuia. Wenzake wakamsifu, naye hakuzikataa sifa.

Hata hivyo hakuacha kuwa na wasiwasi. Kila siku wakiponda, mgongo wake baharini, alimwuliza shoga yake, "Jiwe langu lipo?"

Bi Mboja aliinua macho. Mbele yake, mbali, mawimbi yalivunjika juu ya mwamba mstari mzima, isipokuwa mahali pamoja penye uwazi, ambapo wavuvi hupitia. Pale paliitwa mlangoni. "Lipo," alijibu. "Limekaa mlangoni kama bawabu." Bi Mwatima akaridhika, akaendelea na hadithi zake.

Sasa bamvua mnalijua, ni yale maji makuu yanayokuja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Yanajaa sana na kupwa sana, na watu wa pwani hawayaogopi. Lakini bamvua la mwaka ule lilikutana na upepo wa nguvu kutoka baharini. Alasiri maji yalipanda yakapita pale yanapokoma siku zote, yakapita mawe ya kupondea, yakaingia kwenye nyumba za mbele. Kisima cha chini kikawa na chumvi. Mvinje mkubwa ulianguka mizizi juu. Watu walisimama kwenye mwinuko wa msikiti wakitazama. Hapakuwa na la kufanya ila kungoja.

Asubuhi maji yalipokupwa, wanawake waliteremka pwani, na kila mmoja alisema hapajui. Upande wa kaskazini mchanga ulikuwa umekwanguliwa wote, mwamba umebaki uchi, na mashimo mengine yalifunguka yenyewe, makumbi yakatapakaa mpaka kwenye miti ya mikadi. Upande wa kusini palikuwa na fungu jipya la mchanga, jeupe, laini, bila hata alama ya mguu wa kaa. Kijito kilichokuwa kikishuka moja kwa moja baharini sasa kilipinda na kufuata ufuko. Mwani ulilala kwa marundo. Kitu ambacho hakikusogea ni yale mawe mazito ya kupondea tu.

Vijiti vyote vilikuwa vimekwenda. Wenye vijiti walishika viuno wakasema, "Haya, tutatafuta." Walijua kwamba hawajui. Lakini Bi Mwatima alitazama pwani, akaona kule kusini mti wake wa mkandaa umesimama, umeinama kidogo, na kamba yake, na jiwe lake lenye tundu. Alifurahi akapiga kigelegele peke yake. "Si niliwaambia?" Akaenda na jembe, akachimba.

Akachimba mchanga. Akachimba tena, akapata mchanga. Jembe likagonga mwamba, na hapakuwa na hata unyuzi mmoja wa kumbi.

Alikaa chini pale pale. Akilini alimwona Hidaya akipelekwa kwa mume juu ya kitanda cha kamba ya kuomba, na watu wakinong'ona. Aliponyanyua macho aliona kitu kingine. Mbali kidogo, katikati ya pwani, palikuwa na shimo bichi, refu, limechimbwa asubuhi hiyo hiyo. "Shimo la nani lile?" akauliza.

"La Mboja," wakamjibu. "Alikuja mapema kuliko wote. Ametoa makumbi yake, amekwenda kuchota maji yaliyoingia nyumbani kwake."

Basi Bi Mwatima akaanza kupiga hesabu, na hesabu ya mtu mwenye uchungu haikosi jibu. Shimo la Mboja na langu yako ubavu kwa ubavu. Langu ni hili, alama yake hii hapa, na ni tupu. Mboja amechimba kule, mahali ambapo hana shimo, na makumbi anayo. Ameyatoa wapi? Na kwa nini amekuja mapema, kabla ya watu?

Hakwenda kumwuliza. Hapo ndipo alipokosea, wajukuu zangu, na hata bibi yangu, ambaye alimpenda Bi Mwatima, hakumtetea hapo. Kibanda cha Bi Mboja kilikuwa karibu, angefika hata kwa kutambaa. Badala yake alimwuliza jirani, jirani akamwuliza jirani, na mpaka jua linatua, Mkadini nzima ilikuwa na jibu.

Mmoja wao alimwendea Bi Mboja, akamkuta anaanika godoro lililoloa. "Watu wanasema umefungua shimo la Mwatima. Unasemaje?"

Bi Mboja aligeuza godoro upande wa pili. Kisha akasema, "Shoga yangu akija kuniuliza kwa mdomo wake, nitamjibu kwa mdomo wangu. Akiniuliza kwa midomo ya watu, mimi sina jibu."

Maneno yale yalichukuliwa kuwa ni kiburi cha mwizi. Wengine walisema kama hakufanya angeapa. Ukweli ni kwamba alikuwa ameumia, na mtu wa maneno machache akiumia hata yale machache humpotea.

Siku ya pili maji yalipokupwa, wanawake walikusanyika kwenye jiwe la Bi Mboja. Hapakuwa na matusi wala kelele. Bi Mboja alikuja, amejifunga kanga vizuri, akasimama pembeni ya jiwe la mama yake, mikono kifuani. Hakumtazama mtu. Bibi yangu alisema kimya kile kilikuwa kizito kuliko lile jiwe, maana kila mmoja alijua kwamba likigeuzwa, mjane huyu atakula nini?

"Mwenye shimo atangulie," akasema mkubwa wao.

Bi Mwatima akaenda. Akazunguka jiwe, akachuchumaa pale anapokaa Bi Mboja siku zote, uso baharini, akatia vidole chini ya ukingo. Jiwe likasogea kidogo mchangani. Na kwa kuwa alikuwa ameinamisha kichwa na hakutaka kuonana macho na shoga yake, aliyatupa macho mbele, baharini. Aliona mawimbi yanavunjika juu ya mwamba, mstari mzima, na katikati akaona uwazi.

Akautazama ule uwazi. Miaka yote hiyo hajawahi kukaa upande huu. Lakini maneno aliyajua, aliyasikia kila siku: lipo, limekaa mlangoni. Mlango ule pale. Na mbele ya mlango hapakuwa na mti, wala kamba, wala jiwe lenye tundu. Palikuwa na mchanga mweupe mtupu na lile shimo alilochimba Bi Mboja. Alama yake mwenyewe ilikuwa kule, mbali, mkono wa kulia, imeegemea fungu jipya.

Vidole vyake vikatoka chini ya jiwe.

"Vipi?" wakamwuliza.

"Ngojeni." Akageuka, akainua uso, na kwa mara ya kwanza tangu bamvua akamtazama shoga yake. "Mboja. Uliponiambia jiwe langu liko mlangoni, ulikuwa ukiona nini?"

"Nilikuwa nikiona jiwe lako," akasema Bi Mboja, "mbele ya ule uwazi pale. Nikikaa hapo ulipo wewe."

"Na shimo lako umelipataje? Kijiti chako si kimekwenda?"

"Kijiti nilikitaka cha nini? Nyumba iliingia maji, sikulala; alfajiri nilikaa hapo, nikautazama mlango, nikateremka moja kwa moja. Langu liko kushoto kwa lako. Nimechimba mpaka kiunoni, maana mchanga umerundikana. Lako sikuligusa, liko pale linakungoja wewe."

Wanawake wote wakageuka kuitazama pwani. Wakautazama mlango wa mwamba, wakaitazama alama, wakarudi kuutazama mlango. Kisha mmoja akachukua jembe, na mwingine, na wote wakateremka.

Walichimba kulia kwa lile shimo bichi. Mchanga ulikuwa mwingi, na pembezoni ulikuwa unaporomoka, wakapokezana. Bi Mwatima hakukubali kupokewa. Alichimba kwa jembe, kisha jembe likawa halimtoshi, akachimba kwa mikono, anahema. Maji yalikuwa yameanza kurudi. Yalionekana yanameremeta nje ya mlango. Wengine wakaanza kutazamana.

Ndipo harufu ikatoka. Ile harufu mbaya ya makumbi yaliyooza, ambayo siku nyingine wangeigeuzia pua, ilipanda kutoka chini ya mchanga, na bibi yangu alisema hajapata kunusa kitu kizuri namna ile, hata udi wa harusi. Bi Mwatima alitoa mkono wake, umeshika kumbi jeusi, laini, linachuruzika maji. Shimo lake lilikuwa zima, na mawe yake aliyoyapanga yako juu, halikuguswa na mtu wala na bahari.

Yale matumbawe aliyofunga kwa akili nyingi ndiyo yaliyomponza. Wimbi lilipoyavuta, yaliuvuta na mti, na mti ukaenda kukaa mahali pengine, umesimama kama uliokitwa na mwenyewe. Wenye vijiti walipoteza alama, wakajua kwamba wamepoteza. Yeye alipata alama, akadhani amepata shimo.

Alitoka shimoni, mchanga mpaka kwenye nyusi, akapanda ufuko. Bi Mboja hakuwa ameteremka na wengine. Alikuwa amesimama palepale, kando ya jiwe lake.

"Shoga, niwie radhi," akasema Bi Mwatima. "Alama ilinidanganya."

"Alama yako imechukuliwa na nini?"

"Na bamvua."

"Na shimo lako?"

"Shimo liko pale pale."

"Na mimi je, Mwatima?" akauliza Bi Mboja. "Mimi nilikuwa nimekwenda wapi?"

Bi Mwatima, aliyekuwa mwepesi wa kusema kuliko wote pale Mkadini, alikaa chini mchangani akalia kama mtoto, na wanawake waliokuwa wamekuja kupindua jiwe wakatazama miguu yao. Bibi yangu alisema naye alitazama yake. Hapo ndipo nilipojua kwamba hakuwa upande wa haki tangu mwanzo, lakini sikumwambia.

Bi Mboja akamwacha alie. Kisha akasema, na wote walisikia:

"Bamvua huchukua alama, shimo hubaki. Uliona sikuja kwako asubuhi ile, uliona nimechimba mbali, uliona nimenyamaza. Hizo zote ni alama, na siku ile kila alama ilikuwa imehama. Ungenichimba mimi mwenyewe, ungenikuta."

Hawakukumbatiana. Bi Mboja aliwaambia wanawake, "Jiwe langu mmelisogeza. Nirudishieni lilivyokuwa." Wakalirudisha, wakilikalisha taratibu mpaka akatikisa kichwa kukubali. Kisha akafunga kanga yake kiunoni, akachukua tenga, akamwambia Bi Mwatima, "Inuka. Maji yanarudi, na makumbi yako yako chini bado." Wakateremka wote wawili wakayatoa, na bahari iliwafika magotini kabla hawajamaliza.

Siku walipoanza kuyaponda, Bi Mwatima alikwenda kukaa mahali pake, mgongo baharini. Bi Mboja akamwita. "Njoo ukae upande huu," akamwambia. "Macho yangu yamechoka kukutazamia jiwe lako, na wewe huyaamini." Bi Mwatima akalisukuma jiwe lake mpaka ubavuni mwa shoga yake, akaketi, na inasemekana siku hiyo hakuzungumza mpaka adhuhuri.

Tangu hapo Mkadini waliongeza jambo katika mila yao. Mwenye kutaka jiwe la mwenzake lipinduliwe, kwanza akae pale anapokaa mshitakiwa akiponda, amwulize kwa mdomo wake, watu wengine wakiwa mbali. Mimi nimeishi huko utotoni na sikuona jiwe hata moja lililopinduliwa.

Kwa hiyo mkisikia watu wazima wakiambizana maneno yale na kucheka, msidhani wanazungumza habari ya pwani. Mwenzio akipita bila kukusalimu, ameshikwa na lake. Ndugu akikaa kimya, huenda nyumba yake imeingia maji. Nenda ukamchimbe yeye mwenyewe, kwa mdomo wako, kabla hujatia vidole chini ya jiwe lake. Bamvua huchukua alama, shimo hubaki.